Droo ya Wahunzi

Kosa tulilichapa Jumanne, ukurasa wa kumi na moja:
Smith, hakimu mstaafu, amefariki huko Ohio,
na juu ya tanzia tukaweka picha ya Smith mwingine,
gavana, mzima kama kigongo, meno yote nje.
Barua yake ilifika baada ya majuma matatu,
sentensi mbili tu, na stempu yenye tai:
"Nasikia nimekufa Nairobi. Naomba nifufuliwe."

Mhariri hakucheka.
Akaniita mimi, Syokau wa maktaba,
kutoka kule chini magazeti yanakolala
yakinuka wino na mende.
Akasema: Watenganishe. Kila mtu na bahasha yake.

Droo ya S ilikwama tangu enzi za Bwana Carvalho,
mshikio ulishang'oka, tukifungua kwa bisibisi.
Nikaimwaga mezani:
Smith seneta aliyepinga ushuru wa pamba,
Smith seneta aliyeutetea,
Smith mbunge wa muhula mmoja,
aliyeangushwa na Smith.
Meya wa mji ambao ramani yangu haiujui.
Baba na mwana, majina yote matatu sawasawa,
wametengwa na alama moja mwishoni,
ndogo, ningedhani ni tone la chai.

Nisiwacheke. Kata yetu nayo, uchaguzi uliopita,
karatasi ya kura ilikuwa na Mulatya wawili.
Wa pili hakuna aliyemjua.
Hakuwa na bango, wala fulana, wala sera;
alilipwa awe jina tu.
Akapata kura mia tatu na kumi,
na yule wa kwanza akashindwa kwa mia mbili.

Saa kumi jioni nikamfikia Smith mweusi,
diwani, kisha mbunge, miwani mizito.
Alimwambia mwandishi: jina hili
babu wa babu yangu alipewa na mwenye shamba,
pamoja na blanketi.
Blanketi lilichakaa.

Nikakaa na kipande kile cha gazeti mkononi.
Kipande.
Neno likanipeleka kwa babu,
aliyevaa chake shingoni kama kengele ya mbuzi,
na ndani yake karani aliyesikia nusu
akaandika Zuki, badala ya Nzuki.
Babu hakusoma. Sisi tukasoma, tukakuta tumechelewa:
vyeti vya kuzaliwa, vya shule, jiwe la kaburi, vyote Zuki.
Nyuki wetu alipotea herufi moja,
na hata sasa benki hawamtambui.

Jina ni koti la Gikomba.
Unalivaa, linakukaa,
hujui lilitoka bega la nani.

Jumamosi nikashuka Kamukunji.
Baba alikuwa kwenye bati, sanduku la mtoto wa kidato cha kwanza,
nyundo yake ikijibizana na nyundo mia nyingine
hata usikie kwa kutazama midomo.
Nikamwambia sikioni: Smith, kwao, maana yake mhunzi.
Akasimamisha mkono.
"Wote hao? Seneta, gavana, hakimu?"
Wote, baba.
Akatazama viganja vyake, akanitazama.
"Na nyundo alibaki nayo nani?"

Sikuwa na jibu. Hakulingoja.
Akaokota kipande cha chuma, akakipinda mara mbili,
akatoboa matundu manne, akanipa kikiwa bado moto
nimekifunga kwa leso.

Jumatatu droo ya S ilikuwa na mshikio.
Bahasha arobaini na moja, marehemu kwa marehemu,
walio hai kwa walio hai,
na gavana amefufuliwa rasmi, ukurasa wa pili, chini, pembeni.
Nyuma kabisa nikachomeka kadi yangu,
mwandiko wa pole, kwa penseli,
mhariri akiiona aweze kuifuta:

MHUNZI, Nzuki (herufi ya kwanza isiachwe).
Kamukunji. Hajawahi kugombea chochote.
Picha: hakuna. Angalia mshikio.